Lushoto kwa Miguu: Usiache Pampu Bwenini

Je, umewahi kupanda mlima ukafika juu hujui kama moyo unaodunda ni wako au umeazima? Na mwenzako alipokuuliza, "Vipi, tupumzike?" ukamjibu, "Aa, mimi niko fiti tu," wakati hata hilo neno "fiti" limetoka nusu? Basi makala hii ni yako. Ni yangu pia. Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi 22 kwenye msitu wa Magamba, nikiwa na shahada yangu ya chuo kikuu, filimbi shingoni na mkoba wa huduma ya kwanza begani, na bado nikafanya kosa ambalo lingeweza kumgharimu mtoto wa watu uhai wake.

Kosa lenyewe nitalieleza, sitalificha. Lakini kwanza twende Lushoto.

MJI ULIOLALA BONDENI

Ukitoka Mombo, barabara inaliacha joto la tambarare na kuanza kujikunja kuipanda milima ya Usambara Magharibi. Ni kilomita 33 hivi tu, lakini kwa zile kona, wenye kutapika garini wanajijua. Kaa mbele, tazama mbali, usisome. Njiani utapita Soni, na ukichungulia dirishani utayaona maporomoko ya maji chini ya barabara. Halafu unafika Lushoto, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, mji mdogo umelala bondeni na milima imeuzunguka. Wajerumani walipoutawala waliuita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaizari wao. Jina lilikwenda nao, bonde limebaki.

Raha ya mji kama huu ni kwamba matembezi hayahitaji gari wala pesa nyingi. Unatoka sokoni na chupa yako ya maji, na baada ya nusu saa uko katikati ya kabichi, karoti na miti ya matunda. Wazee unaokutana nao njiani utawaamkia shikamoo, tena ukiwaamkia vizuri watakuelekeza njia ya mkato. Ila upande wowote utakaoelekea, utapanda. Hakuna njia tambarare ya kutoka bondeni. Na hapo ndipo mwili unapoanza kuuliza maswali.

Swali la kwanza ni baridi. Kwa kawaida hewa hupoa karibu nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Mombo iko chini sana kuliko Lushoto, na vilele vya Magamba viko juu ya Lushoto tena, kupita mita 2,000. Kwa hiyo kijana aliyeamka Mombo anatokwa na jasho, akipanda hadi Magamba siku hiyo hiyo anaweza kukuta hewa imepoa kwa nyuzi 10 au zaidi. Juni hadi Agosti ndiyo usiseme. Vijana wa Tanga mjini na Dar huja na fulana moja nyepesi, eti "Si Tanzania hii hii?" Wanarudi wameazima makoti.

MAGAMBA, NA KAMBA ZA VIATU

Msitu wa Magamba uko kaskazini ya mji, una zaidi ya hekta 9,000, na tangu mwaka 2010 ni hifadhi ya mazingira asilia. Kuingia kunahitaji kibali na kiingilio, na ni vizuri kuwa na mwongozaji, maana ukungu ukishuka njia zote hufanana. Ndani kuna miti mikubwa ya mkulo, magogo yaliyovikwa kuvumwani, na mbega weusi kwa weupe wanaoruka juu kabisa. Ukiwa na macho mazuri utamwona kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni kama kifaru aliyezidishiwa. Mimi macho yangu ni ya kawaida, kila mara huonyeshwa na wanafunzi.

Siku hiyo ilikuwa Julai. Kabla hatujaondoka shuleni niliwapanga mstari, nikauliza kwa sauti ya kujiamini: "Kuna mwenye tatizo lolote la kiafya? Anyooshe mkono." Kimya. Mkono haukunyooka hata mmoja. Nikaandika kwenye daftari langu: "Wote wazima." Tukapanda hiace hadi kijiji cha Magamba, kisha tukaingia msituni.

Mbele kabisa alikuwa kijana wa kidato cha tatu ambaye wenzake walimwita Twiga kwa urefu wake. Mchezaji wa mpira wa wavu, mcheshi, hatua ndefu. Kikundi kizima kikawa kinamkimbiza yeye. Baada ya dakika arobaini hivi za kupanda nikamkuta ameinama pembeni ya njia. "Nafunga kamba za viatu, dada. Tangulieni." Tukatangulia. Akatufikia, akapitiliza, akainama tena. Kamba. Mara ya tatu, kamba. Mara ya nne alikuwa amekaa kwenye gogo, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda hadi masikioni, na kifua kinatoa sauti kama filimbi iliyoingia maji. Nikatazama miguu yake. Viatu vyenyewe vilikuwa havina kamba. Vya kuchomeka.

"Una pumu?" Akatikisa kichwa kukubali. "Pampu iko wapi?" Kusema sentensi nzima hakuweza. Alisema neno moja moja: "Bweni. Ndani. Tranka."

Naomba ukae hapo na mimi kidogo. Mtoto anakosa pumzi, barabara iko nyuma yetu mwendo wa karibu saa moja, na mkoba wangu wa huduma ya kwanza umejaa plasta, bandeji na dawa ya kidonda. Nilisikia baridi ambayo haikuwa ya Magamba.

Ndipo msichana mmoja wa kidato cha pili, mpole, ambaye asubuhi nzima sikuwa nimesikia sauti yake, akafungua begi lake, akatoa soksi, na ndani ya soksi akatoa pampu ya bluu. "Ninayo yangu, dada." Na yeye alikuwa na pumu. Na yeye hakunyoosha mkono. Wawili hao wanasoma shule moja, wanakula bwalo moja, na kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake jambo lile lile.

KIFUANI KULITOKEA NINI?

Wengi wetu tunadhani pumu ni uchovu au uoga wa mazoezi. Sivyo. Ndani ya mapafu kuna mirija ya hewa inayogawanyika kama matawi ya mti. Kwa mwenye pumu mirija hiyo ina uvimbe wa ndani kwa ndani hata siku anapojiona mzima, na ni mikali, yaani hushtuka haraka. Unapopanda mlima unahema haraka, tena kwa mdomo. Hewa inaingia bila kupita puani, mahali ambapo ingepashwa joto na kupewa unyevu. Mirija inakauka na kupoa, misuli midogo iliyoizunguka inakaza, njia inakuwa nyembamba, makohozi yanaongezeka. Hewa kutoka inakuwa kazi kuliko hewa kuingia, ndiyo maana unasikia ule mluzi mtu anapotoa pumzi. Ongeza vumbi la barabara au moshi wa kuni, na siku imeharibika.

Tulimkaliza Twiga wima. Usimlaze mtu wa namna hii. Akilala anazidi kukosa hewa. Tukamlegezea kola na mkanda, tukawatawanya waliokuwa wamemzunguka, maana ishirini wakikuinamia hata mzima hukosa pumzi. Kisha dawa. Pampu ya bluu ni salbutamol, kazi yake kuilegeza ile misuli. Tatizo ni kwamba mtu anayehema vibaya hawezi kuivuta sawasawa, dawa nyingi inaishia ulimini. Hapo chupa ya maji ya nusu lita ikafanya kazi. Unatoboa tundu kwenye kitako cha chupa, kubwa kiasi cha mdomo wa pampu kuingia bila kuacha nafasi, unaziba pembeni kwa plasta, na mgonjwa anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa. Si ujanja wa porini huu. Mwaka 1999 madaktari wa Afrika Kusini walichapisha utafiti walioufanya kwa watoto wenye shambulio la pumu, wakaonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kifaa kinachouzwa dukani.

Unatikisa pampu, unabonyeza mara moja, mgonjwa anapumua ndani ya chupa taratibu mara nne hadi sita. Unatikisa tena, unabonyeza tena. Ukifika mipulizo minne, subiri dakika nne. Hakuna nafuu, rudia minne mingine huku mnatafuta njia ya kumfikisha hospitali. Usisubiri "tuone kwanza" kama hawezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi, ngozi inazama katikati ya mbavu kila anapovuta pumzi, au anaanza kusinzia. Na kifua kilichokuwa kinapiga mluzi kikinyamaza ghafla wakati mtu bado anahangaika, hiyo si nafuu. Ni hatari zaidi.

Pampu ya mtu si ya kuazimana kila siku, hilo lieleweke. Lakini kati ya pampu ya mwenzako na kukosa kabisa, mbele ya shambulio, chukua ya mwenzako.

Twiga alipata nafuu baada ya awamu ya pili. Tulishuka polepole, mwongozaji kambebea begi, na gari likatupeleka hospitali, kwa sababu shambulio likitulia linaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Daktari alimpima, akampa dawa, akamuuliza mara ya mwisho lini alitumia pampu ya kuzuia. Hakuwa hata nayo. Hili nalisema kwa wote: ile ya bluu hulegeza tu, haitibu uvimbe. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unashauri kwamba wenye miaka 12 na kuendelea wasitegemee pampu ya kulegeza peke yake. Wapate pia dawa ya kuvuta inayopunguza uvimbe. Kama unaimaliza ile ya bluu haraka haraka, rudi kliniki. Pumu iliyodhibitiwa haimzuii mtu kupanda Magamba. Wapo wanaotumia pampu yao dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza kupanda, kwa ushauri wa daktari, wanaanza mwendo pole pole, wanafunika mdomo na pua kwa kitambaa hewa ikiwa baridi, na wanakuacha nyuma.

MKONO HAUNYOOSHWI MBELE ZA WATU

Sasa kosa langu. Nilidhani nimeuliza, kumbe sikuuliza. Nani atanyoosha mkono mbele ya darasa zima, wavulana wakiwa wanapimana nani mwanaume zaidi, na wasichana wakijua kesho bweni zima litakuwa na habari? Nilipomuuliza Twiga baadaye kwa nini alinyamaza, alinijibu, "Dada, ningesema ungeniacha." Jibu hilo sijalisahau. Aliogopa kuachwa kuliko alivyoogopa kukosa pumzi.

Siku hizi natumia karatasi. Siku mbili kabla, kila mmoja anapewa kipande, anaandika jina lake na jambo moja kuhusu mwili wake ambalo angependa kiongozi wa safari alijue. Kila mtu lazima aandike, hata kama ni "naogopa nyoka" au "sina viatu". Kwa hiyo hakuna anayejulikana kwa kuandika. Karatasi zinakunjwa, nasoma mimi tu. Na nasema wazi kabla: hakuna atakayeachwa kwa sababu ya alichoandika bila kwanza kukaa na mimi tukaangalia njia itakayomfaa.

Hutaamini yanayotoka. Yuko mwenye selimundu. Kwake baridi, kiu na kujichosha vinaweza kuamsha yale maumivu makali ya mifupa, hivyo anavaa vizuri, anakunywa maji kabla hajasikia kiu, na anapewa njia fupi. Yuko mwenye kifafa. Anatembea na rafiki anayejua la kufanya, dawa yake haiachwi hata siku moja, na haendi karibu na ukingo. Mwenye kisukari anabeba kitu kitamu mfukoni, si kwenye begi la mwenzake aliye mbele. Na wasichana wengi huandika kwamba wanatarajia siku zao. Jamani, hedhi haikatazi mlima. Beba pedi za kutosha, kidonge cha maumivu unachokijua, na mfuko wa kurudishia zilizotumika, kwa sababu msituni hakuna choo. Kiongozi naye apange vituo vya kupumzika ambavyo mtu anaweza kujitenga bila kuulizwa.

Wa kutangulia nao nimebadilisha. Mbele anatembea yule ambaye hupanda polepole kuliko wote, siyo Twiga. Kipimo ni rahisi: kama huwezi kuongea na jirani yako huku unatembea, kasi imezidi.

IRENTE, NA UKINGO WAKE

Kwa mara ya kwanza nisingekushauri Magamba. Ningekushauri Irente, kilomita tano au sita kutoka mjini, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa mwendo wa kuongea. Unapita Yoghoi, mashambani, na karibu na shamba la Kanisa la Kilutheri linalojulikana kwa jibini na jamu. Kisha ardhi inakatika. Kweli inakatika: uko juu ya ukuta wa milima, na karibu mita 1,000 chini yako kuna Mazinde, mistari ya mkonge, barabara kuu ya kwenda Same, magari kama mchwa, na tambarare inayoenda hadi macho yachoke. Mara ya kwanza nilikaa kimya robo saa, na mimi kukaa kimya si kawaida yangu.

Ukingo hauna huruma. Upepo unaopanda kutoka bondeni huja kwa vishindo, na mawe ya juu huteleza hata bila mvua. Kuuza sura kwa picha ya simu huku unarudi kinyumenyume, acha. Piga picha ukiwa umekaa, au mita kadhaa ndani, mandhari ni ile ile.

Jua la pale hulijui kwa sababu ya upepo. Ngozi inapoa, jasho linakauka, unadhani hupotezi maji. Kwenye kupanda unaweza kupoteza nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Beba lita mbili. Maji ya vijito vya njiani yanavutia, yana baridi kama ya friji, lakini juu ya kila kijito kuna shamba la mboga au ng'ombe wa mtu. Kuchemsha au kutia dawa ya maji kunaua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Hakuondoi dawa za kupulizia mboga. Kwa hiyo beba ya nyumbani.

Viatu navyo. Vya ngozi vya shule vina nyayo laini, kwenye udongo mwekundu wa Usambara uliolowa ni sawa na kuvaa sabuni. Raba yenye meno, hata ya mtumba, inatosha, ila kata kucha, maana wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele. Na kushuka ndiko kunakoleta yale maumivu ya mapaja kesho yake, kwa sababu misuli inafanya kazi ya breki huku inavutwa. Yanaisha baada ya siku chache. Goti likivimba, hilo ni jambo jingine, nenda kapime.

Soni, kwa wenye muda mfupi, ni ya kwenda kutazama maporomoko tu na kula. Mawe ya chini yana utelezi, usiogelee.

Mwaka uliofuata tulikwenda Irente, na Twiga akaja. Karatasi yake iliandikwa kwa herufi kubwa: PUMU. PAMPU MBILI. Moja ilikuwa mkobani mwangu, nyingine alikuwa ameining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, nje ya shati, kila mtu anaiona. Aliomba tubaki hadi jua lizame, maana Irente machweo yake yanasifiwa. Nikakataa. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, giza huingia haraka, na njia ya kurudi ina mawe. Saa kumi kamili tulikuwa tumeshageuka, yeye wa mwisho, ananung'unika kwa sentensi ndefu ndefu bila kukata pumzi.